Sanduku la Maswali: Sanaa ya Wabengali na ugomvi wa nani alianza

Toleo lililopita niliandika aya tatu tu kuhusu wachoraji wa Bengal nikajua watu watazipita waende kwenye kurasa za mpira, kumbe nimechokoza mzinga wa nyuki. Maswali yamekuja kibao, mengine ya kuuliza mengine ya kunisuta. Nimechukua haya saba. Majibu hayalingani urefu, msije na rula.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Hivi ukisema sanaa ya Wabengali unamaanisha India au Bangladesh? Mana nikitafuta kwenye intaneti huyu anasema ya kwake na huyu anasema ya kwake.

JIBU: Marahaba. Ni ya wote wawili na hakuna anayedanganya. Bengal ni ile delta ambapo Ganges na Brahmaputra zinamwaga maji baharini, na watu wake wanaongea Kibengali. 1947 Waingereza walipoondoka nchi ikachanwa vipande viwili, magharibi ikabaki India na mji wake wa Kolkata, mashariki ikaenda Pakistan, alafu 1971 hao wa mashariki wakapigana wakapata Bangladesh yao, makao makuu Dhaka. Sasa kuna wachoraji walisoma Kolkata, wakafundisha Kolkata, nchi ilipogawanyika wakaenda kuanzisha chuo Dhaka. Mtu kama huyo utamkatia wapi?

SWALI: Mwalimu umesema mahekalu ya kule ni ya udongo. Udongo si unaloa na mvua? Au ni udongo gani huo.

JIBU: Udongo wa kuchoma bwana, matofali na vigae. Ukishaelewa hili umeelewa nusu ya habari yote, kwa hiyo ngoja nilitulie kidogo. Delta ni tope lililoletwa na mto, unaweza ukachimba wiki nzima usikutane na jiwe la kuchonga. Kwingine India watu walichonga milima mizima ikawa mahekalu, Mbengali alikuwa na tope, mpunga na mianzi, basi akafanya kazi na alichonacho. Pale Bishnupur, mji wa wafalme wa ukoo wa Malla, kuna hekalu la Shyam Rai la mwaka 1643 na Jor Bangla la 1655, na kuta zake zimevaa vigae vya picha toka chini mpaka juu: mungu Krishna na wasichana wachunga ng'ombe, vita vya Ramayana, ule utenzi wa Kihindu, wawindaji, mashua, wanyama. Unasimama unasoma ukuta kama gazeti. Upande wa Bangladesh kuna Kantajew karibu na Dinajpur, lilimalizika 1752, lilikuwa na minara tisa juu, tetemeko la ardhi la 1897 likaiangusha yote, lakini vigae vipo mpaka leo.

Na angalia paa. Kibanda cha mianzi cha mkulima wa Bengal kina paa lililopinda, katikati juu na pembeni limeinama, ili mvua isikae. Wajenzi wa matofali wakaliiga vilevile lilivyo, hata kama tofali halina sababu yoyote ya kupinda hivo. Alafu wafalme wa Mughal, Waislamu waliotawala India, wakalipenda, ukienda kwenye ngome za Agra na Lahore utalikuta paa lile lile limejengwa kwa marumaru wakati wa mfalme wao Shah Jahan. Kibanda cha mkulima kikaingia ikulu! Hata neno bangalo linalotumika karibu dunia nzima asili yake ni hapo hapo, yaani nyumba ya Kibengali.

SWALI: Mwalimu darasani tumefundishwa kwamba sanaa ya Bengal ilianzishwa na ukoo wa Tagore mwaka 1905. Wewe ukaandika eti ni wachoraji wa barabarani. Nani yuko sahihi? Naomba jibu kabla ya mtihani.

JIBU: Mwanangu, kwenye mtihani andika ulichofundishwa uchukue maksi zako, alafu rudi hapa tuongee.

Kwanza tarehe. Karne ya 8 mpaka ya 12 Bengal na Bihar zilikuwa chini ya wafalme wa Pala, watu wa dini ya Budha, na kwenye monasteri zao watawa walikuwa wanachora vijipicha vidogo kwenye majani ya mtende yaliyokaushwa, picha ndogo kuliko kiganja, mistari laini kama unywele. Magofu ya monasteri moja kubwa sana yapo Paharpur huko Bangladesh, UNESCO waliyaandikisha 1985. Watawa walisafiri na vitabu vyao, Atisha mzaliwa wa Bengal aliingia Tibet mwaka 1042 na hakurudi tena, kwa hiyo ukiona picha za zamani za Nepal na Tibet zikakukumbusha Bengal ujue si bahati. Miaka 800 kabla ya 1905 hiyo.

Alafu kuna hawa ninaowapenda mimi, mapatua. Ni wachoraji wa vijijini wanaozunguka na gombo refu la picha, linafunguliwa kidogo kidogo, mchoraji anaonyesha kwa kidole huku anaimba hadithi. Sinema kabla ya sinema. Karne ya 19 Kolkata ilipokuwa inakua kwa kasi baadhi yao wakahamia mjini, wakatega karibu na hekalu la mungu Kali kwenye mtaa wa Kalighat, maana mahujaji walikuwa wengi na kila mmoja anataka kitu cha kurudi nacho nyumbani. Hapo gombo halifai, linachukua muda, mteja anaondoka. Wakachukua karatasi za kiwandani na rangi za maji, wakajifunza kuchora haraka, mkono unazungusha brashi mara moja bega limetokea, mara ya pili tumbo, nyuma hakuna kitu karatasi tupu. Bei ya chini kabisa.

Walianza na miungu, lakini mjini kuna umbea. Wakawachora mabwana vijana wa Kolkata wenye nywele zilizopakwa mafuta na viatu vya Kizungu, wametawaliwa na wapenzi wao. Wakamchora paka mwenye alama za mtu wa dini kwenye paji la uso na kamba mdomoni, kamba wa baharini yule, ikimaanisha hao watawa wanaosema hawali nyama wala samaki, mnawajua wenyewe. Na 1873 ikatokea kesi iliyotikisa Bengal nzima, kijana mmoja alimuua mke wake Elokeshi baada ya kusikia habari zake na mkuu wa hekalu la Tarakeswar, mume akahukumiwa kifungo cha maisha, mkuu wa hekalu naye akaenda jela, na wachoraji wa Kalighat wakaiuza kesi hiyo picha kwa picha, Elokeshi anampa mkuu wa hekalu paani, yaani tambuu, mume anamkata mke, kesi iko mahakamani. Walikosea? Kwa maadili labda. Lakini hiyo ndo sanaa ya kisasa ya mjini, ipo tayari na hakuna Tagore hata mmoja aliyeshika brashi.

Sasa 1905. Chuo cha sanaa cha serikali Kolkata kilikuwa kinafundisha kuchora sanamu za plasta za Kigiriki. 1896 akaja mkuu mpya, Mwingereza anaitwa E. B. Havell, akasema haiwezekani, toeni haya mavitu ya Ulaya tufundishe ya India. Unajua nani walikasirika? Wanafunzi wenyewe wa Kihindi! Walilalamika, na magazeti yakalalamika pamoja nao, wakaona Mzungu anawanyima elimu ya Kizungu. Mimi hapo huwa nacheka kila mara, ingawa ukikaa ukafikiri wasiwasi wao ulikuwa na msingi. Havell akampata mchoraji Abanindranath Tagore, mtoto wa binamu yake Rabindranath Tagore yule mshairi, wakafanya kazi pamoja. Mwaka huo huo wa 1905 gavana mkuu Curzon akaigawa Bengal, watu wakawaka, wakasusa bidhaa za Uingereza, na Abanindranath akachora mwanamke mwenye mikono minne aliyevaa vazi la rangi ya zafarani, ameshika kitabu, mpunga, kitambaa na tasbihi, Bharat Mata, Mama India. Picha ndogo tu ya rangi za maji na ikawa uso wa nchi ambayo ilikuwa bado haijazaliwa.

Na mtindo wake ule wa ukungu ukungu si wa India peke yake. Mjapani Okakura alikuja Kolkata 1902 akakaa na akina Tagore, mwaka uliofuata wakaja wachoraji Yokoyama Taikan na Hishida Shunso, Abanindranath akawaona wanavyolowesha karatasi kwa brashi, yeye akaenda mbali zaidi, akawa anaitumbukiza karatasi nzima kwenye maji na kuchora tena na tena juu yake. Wanafunzi wake walisambaa wakawa walimu na wakuu wa vyuo Lucknow, Lahore, Madras, ndo maana mtindo wa Bengal ukawa mtindo wa India yote kwa muda. Mi nakiri, nyingi ya picha hizo zinanichosha, zinalialia sana, macho yameinama, kila mtu mgonjwa wa mapenzi.

Aliyegeuza meza ni Jamini Roy (1887–1972), mtoto wa kijiji cha Beliatore wilaya ya Bankura. Alisoma chuo hicho hicho, akawa anapata riziki kwa kuchora sura za matajiri kwa mafuta mtindo wa Ulaya, kwenye miaka ya 1920 akaviacha vyote akarudi kwa mapatua na Kalighat. Macho makubwa ya samaki, mstari mnene, rangi za mawe na masizi, gundi ya mbegu za ukwaju, anachora kwenye kitambaa, mbao, hata mikeka. Na akafanya kazi na wanawe kama karakana ya kijijini, picha ile ile inarudiwa mara nyingi, bei chini, watu wa kawaida wanunue. Wapenda sanaa wakanung'unika ipi sasa ni orijino, yeye hakujali. Kwa hiyo mwanangu jibu langu ni kwamba akina Tagore waliijenga shule, ila msingi waliukuta.

SWALI: Shikamoo tena mwalimu ingawa naona tunalingana, nina miaka 66 nimestaafu. Ni kweli Rabindranath Tagore, yule mshairi, alianza kuchora uzeeni?

JIBU: Wewe ndo nikuamkie, shikamoo mzee wangu. Ni kweli. Alipata Nobel ya fasihi 1913 kwa mashairi, picha hata hazikuwepo. Alikuwa na tabia ya kukata maneno asiyoyataka kwenye daftari, kisha anaunganisha yale makato mpaka yanakuwa ndege, joka, uso wa ajabu. Kutoka kwenye makato akaingia kwenye picha zenyewe, na onyesho lake la kwanza alilifanya Paris 1930, mwezi aliofikisha miaka 69, mwandishi Victoria Ocampo wa Argentina ndiye aliyemsaidia kulipanga. Aliacha picha zaidi ya 2,000. Hakusomea kuchora na inaonekana, na ndo uzuri wake, sura zake nyeusi zile hazifanani na mtindo wa mtoto wa binamu yake hata kidogo. Nunua wino mzee.

SWALI: Mwalimu habari za kazi. Mi ni mama wa nyumbani nashona. Aya zako tatu nimezisoma mara mbili, umetaja wanaume watupu. Wanawake wa Bengal walikuwa wamelala?

JIBU: Hapo umenikamata dada yangu, sina pa kutokea.

Hawakulala, na wewe kama mshonaji utalielewa hili kuliko mimi. Sari ikichakaa haitupwi, inawekwa juu ya nyingine, tatu nne, zinashonwa pamoja kwa mshono wa kawaida wa kupitisha sindano mbele, na uzi wa rangi unachomolewa kwenye pindo za sari hizo hizo. Hiyo ndo kantha. Ile mishono midogo ikijaa kitambaa chote kinajikunja kidogo kidogo kama maji yakipigwa na upepo. Katikati wanaweka ua la yungiyungi, pembeni miti, tembo, jahazi, treni ikishaingia nchini na treni nayo inaingia, askari, harusi. Ya kumfunika mtoto mchanga, ya kumtandikia mgeni, ya kufungia kitabu. Kantha moja ingeweza kuchukua miezi hata miaka, mama anaanza na binti anamalizia. Wengi hawakuandika majina yao ndo maana wakina mimi tunawasahau, ni kosa.

Alafu alpona. Unga wa mchele unachanganywa na maji, kitambaa kidogo kinashikwa kiganjani na ile nyeupe inateremka kwenye kidole, mwanamke anachora sakafuni maua, nyayo za Lakshmi, mungu wa kike wa neema, zikielekea ndani ya nyumba, masuke ya mpunga. Kesho watu wameikanyaga imeisha. Abanindranath aliandika kitabu kizima kuhusu ibada na michoro hiyo, 1919, na pale Santiniketan, mji wa shule ya Rabindranath, kwenye chuo cha sanaa cha Kala Bhavana kilichoanza mwaka huo huo alpona ikawa somo, na mmoja wa walioifundisha ni Gauri, binti wa mchoraji Nandalal Bose, mwanafunzi wa Abanindranath. Nandalal na timu yake ndo waliopamba kurasa za katiba ya India, na huyo Gauri alikuwemo, kwa hiyo kidole cha sakafuni kimefika hadi kwenye katiba. Na Dhaka kila ikikaribia tarehe 21 Februari, kukumbuka waliopigwa risasi 1952 wakidai Kibengali kitambuliwe, barabara ya kwenda kwenye mnara wa mashahidi inachorwa alpona kubwa kwenye lami. Sifa ya kuubuni mnara wenyewe inapewa sana Hamidur Rahman, lakini mchongaji Novera Ahmed alifanya naye kazi hiyo na miaka mingi hakutajwa. Hilo nalo unaweza kuniongezea kwenye kesi yako.

SWALI: Kaka mi nitasema ukweli, naona sanaa ni starehe ya walioshiba. Hao Wabengali si walikufa njaa mamilioni? Mchoro uliwasaidia nini.

JIBU: Ndugu yangu mchoro haukumlisha mtu, sitakudanganya.

1943 ilikuwa vita, Wajapani wameshaichukua Burma ambako mchele ulikuwa unatoka, serikali ya Waingereza ikawa inaondoa mchele na kuharibu mashua za wanavijiji pwani ili adui akija asikute kitu, bei zikapaa, na wanaokadiria wanasema watu kati ya milioni 2 na 3 walikufa. Watu walitembea kutoka vijijini wakaja kufia kwenye barabara za Kolkata. Zainul Abedin alikuwa mwalimu kijana kwenye chuo kile kile cha Havell. Alishuka barabarani na wino mweusi na karatasi za bei rahisi za kufungia mizigo, akachora, mama amelala mtoto juu ya kifua, kunguru, mbwa na mtu kwenye jalala moja. Mistari michache tu mikavu. Hakuna ukungu, hakuna macho ya mapenzi, mtindo ule wa Abanindranath ulikufa mwaka ule ukiniuliza mimi.

Mwenzake Chittaprosad alitembea kwa miguu Midnapore akachora mtu mmoja mmoja, na kando ya picha anaandika jina, kijiji, amepoteza nani. Akatoa kijitabu, Hungry Bengal, yaani Bengal yenye njaa. Waingereza wakakusanya nakala 5,000 wakaziharibu, ikabaki moja kwa familia yake. Sasa nikuulize na mimi, kama ni starehe ya walioshiba kwa nini serikali yenye mizinga na ndege iogope kijitabu cha wino?

Na haikuishia hapo. Zainul alienda Dhaka, 1948 akaanzisha chuo cha sanaa ambacho leo ni kitivo cha Chuo Kikuu cha Dhaka, na kutoka kwenye kitivo hicho ndo yalianza 1989 maandamano ya mwaka mpya wa Kibengali yenye vinyago vikubwa vya bundi na chui, wakati nchi iko chini ya mwanajeshi Ershad, UNESCO wakayaorodhesha 2016. Mwaka 1971 Quamrul Hassan, mtu wa kizazi hicho hicho, alichora uso wa Jenerali Yahya Khan, mtawala wa Pakistan, na meno kama ya shetani, bango likasema wanyama hawa lazima wauawe, likabandikwa kila mahali wakati wa vita. Na Zainul mwenyewe 1970 alipotaka kusimulia maisha ya mkulima yote, mavuno mpaka njaa, alichora kwenye nini? Gombo. Futi 65, linasomwa kama la patua.

SWALI: Mwalimu nimesikia hao mapatua ni Waislamu lakini wanachora miungu ya Kihindu. Inakuwaje? Na picha za Kalighat naweza kuziona wapi, mana nimezitamani.

JIBU: Wengi wao ndiyo. Kijiji kinachojulikana zaidi ni Naya, eneo la Pingla, Paschim Medinipur. Karibu wote wanatumia jina la ukoo Chitrakar, maana yake mchoraji tu, na wengi wana majina mawili, la Kiislamu na la Kihindu. Wanaswali, wanafuata sherehe za Kiislamu, alafu wanakaa wanachora Durga na Rama, miungu ya Kihindu, na kuwaimba kwa moyo wote. Andiko moja la zamani la Kihindu linasema mababu zao walitengwa kwa sababu walichora kinyume cha kanuni, kwa hiyo wamekaa katikati ya dini mbili karne na karne, huku wanalaumiwa na huku wanalaumiwa, na riziki inatoka kwenye brashi. Manjano wanapata kwenye bizari, nyeusi kwenye masizi, gundi kwenye tunda la bel, nyuma ya gombo wanabandika kipande cha sari kuukuu. Wana magombo ya tsunami ya 2004, ya ukimwi, hata ya yale majengo ya New York ya Septemba 2001, yote na nyimbo zake. Sasa hivi wanawake wanaochora ni wengi, dada yangu mshonaji uko hapo?

Kuhusu Kalighat, mkusanyiko mkubwa kuliko wote hauko Kolkata, uko London kwenye jumba la makumbusho la Victoria and Albert, na sehemu ya picha hizo zilikuwa mali ya John Lockwood Kipling, mwanawe Rudyard yule mwandishi akazitoa 1917. Nyingi wameziweka kwenye tovuti yao, utaziona bure bila viza. Anza na paka.